Pikapu yangu imebaki ukweni kwa Anania

Cadet uko wapi? Soma kwanza, usinipigie, nitalia mbele za watu.

Pikapu imeenda. Ile pikapu yangu aisee! Miaka miwili nalala chini yake pale uani, nimeziba kutu kwa vipande vya madebe, viti nimevishona kwa turubai.

Unakumbuka mdogo wangu Anania alivyonisumbua wiki nzima? "Kaka, maliza rangi kabla ya Jumamosi, tusiaibike ukweni." Nikamaliza. Leo nikawaendesha mwenyewe mpaka Kitanga kupeleka mahari, kreti za soda nyuma, mashangazi wanaimba.

Wakwe wakauliza wale ng'ombe wawili waliobaki. Anania akasimama, hata hakunitazama. "Badala ya ng'ombe, kaka yangu ametoa gari."

Kaka yangu ametoa gari!! Nimetoa lini?

Vigelegele, Cadet. Mama mkwe wake akanikumbatia. Ningesema nini pale, na mchumba wa watu ameshaanza kulia kwa furaha? Mzee, baba mkwe wake, akanyoosha mikono miwili, nikampa funguo.

Anania ananinong'oneza eti, "Utatengeneza nyingine kaka, si wewe fundi?"

Si wewe fundi!

Sasa nimesimama barabarani na suti, nasubiri bodaboda. Na unajua kinachoniuma zaidi? Yule mzee aliniuliza kama gari lina tatizo lolote. Nikafungua boneti, nikamwonyesha taratibu waya wa kutikisa asubuhi likigoma kuwaka. Waya ule hata Anania sijawahi kumwonyesha.