Dume la Pembe Moja na Maji ya Chumvi

Istanbul

Kwa dada yangu Poni, Mama Kiden, nyumbani Dranya,

Dada, karatasi hii ikifika mkononi mwako, kwanza ikupe pole ya shamba, halafu ikupe pole ya kuwa na kaka kama mimi. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Mihogo imeshika? Mimi mwili iko mzima. Ni uso tu sijui niuweke wapi.

Uliniambia, "Lado, simu yako imeshasema uongo. Weka maneno kwa karatasi, wazee waone mkono wako." Basi mkono ndio huu. Shule yangu unajua iliishia wapi, kwa hiyo anayesoma asicheke herufi. Asome kwa sauti, na Kiden akae karibu.

Bosi wetu wa mapazia alipata kazi mji wa Antalya, mbali na hapa, kando ya bahari. Baridi ilikuwa inaondoka, miti inatoa majani mapya, na wale wageni wanaofuata jua walikuwa bado hawajafika. Hoteli zote zinapakwa rangi. Viti vya ufukweni vimepangwa juu kwa juu, vimefungwa kamba kama kuni za kuuza sokoni Arua. Sisi tulienda kutundika mapazia. Dada, ile hoteli, ukilaza gombolola yote ya Dranya, vijiji vyake vyote, kila mutu na chumba chake, bado watu wa Yumbe wanaweza kuja na mbuzi zao na wakapata nafasi. Na mapazia yote nilitundika mimi. Haya, nusu. Nusu nyingine ni Bosco, mtu wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka wetu pale. Tunashona meza moja.

Siku ya Kiden iliangukia humo humo. Usifikiri nilisahau. Nilijua wakwe wanaleta ng'ombe, na kati yao dume ya mjomba, na nilijua mtoto haondoki kwa baba yake na amani mpaka mjomba aseme neno na maji yampate usoni. Tulikubaliana vizuri: mimi nasema kwa simu, mdogo wetu Wani anashika maji mdomoni na kumpulizia kwa niaba yangu. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu tu.

Alasiri ile bosi akatuachia tuone bahari. Sasa njia nzima nilikuwa nimewasimulia Waturuki mambo ya Nile. Tukafika majini, Bosco akasema mbele ya wote, "Mukubwa, si ulivuka pale Rhino Camp, mamba wawili wanakusindikiza? Hii maji haina hata mamba moja."

Wakacheka. Hakuna mtu aliyekuwa ndani ya maji. Msimu ule yanauma mifupa, hata wenyeji wanangoja joto. Ningesema, "Nangoja simu ya nyumbani," na ingekuwa heshima kabisa. Badala yake nikavua shati. Suruali sikuvua, na simu ilikuwa mfukoni.

Wewe ndiye ulinivuta kutoka mto Kaya nikiwa mdogo, kwa hiyo wewe unajua peke yako: mimi sijui kuogelea mpaka leo. Wimbi moja likanipiga magoti, la pili likanifunika, nikainywa ile bahari. Bosco alinitoa kwa mshipi. Lakini kabla ya kunitoa alipiga picha. Kwa picha naonekana nacheka. Sikuwa nacheka, dada. Nilikuwa natafuta hewa.

Saa zetu na zenu ni moja, hata hapo sina pa kusingizia. Wakati nyinyi mnapiga na simu haiiti, Kiden amepiga magoti kwenye mkeka, mimi nami nimepiga magoti mchangani, natema chumvi.

Na mbaya zaidi ni maneno yangu ya mbele. Si mimi niliyejigamba, wazee wote wanasikia, "Dume ya mjomba ikija nyembamba, mdomo wangu haufunguki"? Walicheka, nikafurahi kuwachekesha. Halafu dume ikaja imekonda, pembe moja imevunjika, na mimi kimya. Nani angefikiria bahari? Hata mimi ningesema Lado amekasirika. Na hasira ya mjomba tunajua inavyoogopwa kwetu. Mtoto wa dada akikaa kwa mume bila kushika mimba, watu watarudi nyuma kutafuta sababu mpaka wamfikie mjomba.

Kesho yake nikakupigia kwa simu ya Bosco. Nikasema mtandao wa Uturuki ulikatika nchi nzima. Sikujua Bosco alishaituma ile picha, imeshazunguka Koboko, na nyinyi mmeniona nacheka baharini. Ukanijibu, "Kiden ametoa nguo zake kwenye sanduku. Anasema haendi kwa watu na hasira ya mjomba mgongoni." Maneno hayo nayashona kila siku na mapazia.

Karatasi hii anakuletea Mama Salama wa Onduparaka, aliyekuwa anasuka nywele mtaani kwetu hapa Istanbul. Mpe chai, na usimuulize habari zangu, atasema kweli. Nisalimie shemeji, baba yake Kiden, mwambie ana moyo kunivumilia. Nisalimie shangazi yetu anayeumwa macho. Na wakwe, waambie dume yao nimeipokea na pembe yake moja, haina deni. Ichinjwe, muile pamoja, wao na nyinyi. Fungu la mjomba apewe Wani.

Salamu naziweka hapa kwa sababu baada ya neno la mjomba watu hawaongei tena. Sasa nyamazeni. Wani, chota maji ya kisima cha mama yetu, yale matamu, uweke mdomoni.

Kiden, mtoto wa dada yangu. Sina hasira na wewe, wala na baba yako, wala na dume. Sikuwa nayo siku ile, wala nyuma yake. Nilikuwa na majivuno tu, na hayo ni mzigo wangu, si wako. Rudisha nguo zako kwenye sanduku. Nenda kwa mume wako mwepesi. Uzae, watoto wako wamjue mjomba wako Wani kwanza, kwa sababu tangu leo neno la mjomba katika nyumba yetu nimempa yeye. Mimi wataniona nikija, na wakiniuliza habari za Nile, nitawaambia bibi yao aliwahi kunitoa majini.

Wani, puliza.

Mimi kaka yako,
Lado