Sauti ya Mama Ikihesabu

Migori, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Natumai wewe na kuku wako ni wazima. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio umenikataa. Nakuandikia kwa kuwa simu hutaki tena kuishika.

Miezi miwili imepita tangu tumzike Chrispine wangu. Kwao Oyugis wanakusifu: mama mkwe aliyevunja mwiko, akamgusa mkwewe ili amwokoe. Najua ilikuwa vigumu. Ulipopiga namba yetu ya dharura hapa kazini kusema ameanguka uani mwako, nikapokea mimi. Nikakwambia, "Mama, leo hakuna mkwe. Weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, uhesabu." Halafu nikakusikia: moja, mbili, tatu. Dakika kumi na tisa, mpaka ambulensi ikafika. Hakuna lingine ungefanya. Kula, Mama, na unijibu.

Binti yako, Lynnet

Karungu, 2 Machi

Lynnet mwanangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mvua imechelewa. Wakinisifu, wanyamazishe. Je, mtu akibonyezwa mapema huwa anapona? Nijibu hilo tu.

Mama yako

Migori, 10 Machi

Mama,

U hali gani? Barua yako ilikuwa fupi kuliko orodha ya duka. Wengine hupona, wengine hapana. Yeye hakupona, wala si kosa lako.

Mkubwa wetu aliniomba ruhusa, nikakubali: sauti yako iliyorekodiwa siku ile sasa inawafundisha wapokeaji simu wapya. Jana niliwaambia Bonface na Caren, msikilizeni mama yangu, hivi ndivyo mtu anavyohesabu. Nilijivuna, kisha nikaenda chooni kulia.

Binti yako

Karungu, 11 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na huo ni uongo wa salamu tu. Barua hii nimeiandika mara nne nikaitia motoni.

Izime hiyo sauti. Nilihesabu tu. Nilipiga magoti kando yake, nikanyoosha mikono, ikakataa. Niliogopa chira, ile laana ya kuvunja mwiko, iwaangukie watoto wenu. Jirani yetu Nyangau alikuwa ziwani, hapakuwa na mwingine. Nikashika leso niliyojifunga kiunoni, nikahesabu. Ukasema, "Vizuri Mama, hivyo hivyo," nikashindwa kukwambia.

Usiwafundishe watoto wa watu kwa uongo wangu.

Mama yako, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo

Migori, 30 Agosti

Mama,

Salamu zako zilifika. Watoto ni wazima. Sikujibu kwa sababu kila nililoandika lilikuwa la kukuumiza. Nina hasira nawe hata ninapoosha vyombo.

Sauti yako sikuizima. Niliirudia peke yangu. Dakika kumi na tisa hukutweta hata mara moja, Mama, na anayebonyeza hutweta. Mimi mwenye kazi nilipaswa kusikia hilo. Niliwaambia wenzangu ukweli wote. Sasa, kabla ya kusema bonyeza, tunauliza: huyu ni nani wako? Akiwa ni mkwe, tunamwambia atandaze leso kifuani mwa mgonjwa, abonyeze juu ya leso bila kugusa mwili, huku akiita watu.

Wiki jana alipiga mama mmoja wa Macalder. "Ni mkwe wangu," akasema. Nikamwambia kuhusu leso. Akasema, "Ngoja naifungua." Alihesabu vibaya sana, akatoka tisa akaenda kumi na mbili, akitweta kama anayepanda mlima. Mkwewe yuko wodini, juzi alikunywa uji.

Sijakusamehe. Watoto wanakuuliza. Njoo Desemba, tukae.

Binti yako