Kioo cha Kulengea Mzinga

Mjukuu wangu Maganga,

Marahaba. Huku Kigwa tu wazima, ila bibi yako ameiona picha yako na anasema hao wageni hawakulishi.

Umeniuliza kama jeshi letu liwaamini hao askari wa kigeni mnaojifunza nao makombora. Enzi za Mwingereza nilikuwa askari wa mizinga Tabora. Wakaletwa askari wa Mbelgiji kutoka Kongo, tufundishane kulenga shabaha. Babu zetu walibeba mizigo pamoja njia ya Ujiji, basi mimi na mwenzangu Kalume tukaitana watani siku ileile. Nami, kama mtani, nikamfichia kioo cha kulengea, nikingoja anitukane tucheke.

Afisa wake akakikosa, akapiga kelele kwamba ni wizi. Afisa wetu naye akawaka.

“Ni mtani wangu, afande!” Kalume akalia. Hakuna aliyemsikiliza. Mafunzo yakavunjwa na wageni wakarudishwa kwao. Adhabu yangu tuiache.

Nilikwenda stesheni kuagana na Kalume. Treni ilipoanza kuondoka nilijishika kichwa, kofia haipo. Kumbe Kalume kaivaa, yuko dirishani anacheka.

Sijui makombora, mjukuu wangu. Ila hao wenzako, wamewahi kukuchukulia kofia?

Babu yako