Barabara ya Barafu Haikufunguliwa, Baba

Mwaka umezunguka, baba yetu Avenir Zosimovich, tangu asubuhi ile ya Februari ulipolala ukapitiliza, wewe uliyekuwa ukiamka kabla ya jogoo. Tulikuvusha mto Mezen ulioganda kwa lori la magogo, juu ya barabara ya barafu uliyoijenga mwenyewe, mlango wa lori wazi kama ulivyoagiza. Tukakulaza makaburini ng'ambo, chini ya misonobari.

Leo tulitaka kuja kwako. Mama amepika chapati za maji na ngano ya kuchemsha yenye asali, akajifunga ile shali uliyomnunulia. Lakini mto, baba! Mvua imenyesha Januari. Mvua badala ya theluji, Januari! Barafu imekuwa ya kijivu, imelowa kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

Bado tunakuona. Kila msimu ulitangulia na mti wako wenye ncha ya chuma, ukigonga, ukilala kifudifudi kuisikiliza barafu. Ulikanyaga theluji ili baridi izame, ukamwaga maji juu yake yagande, barafu inenepe. Hakuna lori lililogusa mto kabla hujasema, "Imefunguliwa."

Madereva wakilia njaa, uliwakatia mkate wako mwenyewe. Wakifunga mlango wa lori, uliwatukana: "Kafunge kwako! Juu ya maji acha wazi, upate pa kurukia, mjinga we!" Kisha ulicheka, ndevu zimeganda.

Miaka ya mwisho ulikuwa ukikaa ukingoni unatazama ukungu. Mama akikuuliza kulikoni, ulimjibu, "Kapa, siku hizi baridi imezeeka kuliko mimi." Tulidhani unatania.

Sasa kazi yako anaifanya mwanao Tikhon. Magogo yamelala ng'ambo, msimamizi anafoka kwenye simu, madereva wamekaa bure. Asubuhi ya leo Tikhon alishuka mtoni na mti wako mkononi, ukungu ukammeza, ukabaki mgongo tu. Mama akamshika mkono binti yako Lukerya, akasema, "Avenir huyo."

Tikhon alirudi amelowa hadi magotini.

"Haifunguliwi."

"Kwa malori," mama akasema. "Mimi ni mwepesi, mwanangu. Naenda kumwona mume wangu."

"Haifunguliwi kwa mtu yeyote, mama."

"Nimekuzaa mimi!"

"Ndiyo maana sikuachi uende."

"Mwaka mzima naisubiri siku hii, Tikhon! Umerithi ubishi wa baba yako, upole wake umemwachia nani?"

Tikhon akauegemea mti wako. "Unadhani mimi simtaki baba? Ingekuwa inapitika, ningekuwa kule tangu alfajiri."

Mama alilia, baba. Tulilia wote, hatukufichi. Kisha akaimega ile chapati ya kwanza, ambayo siku zote ni ya marehemu, akaiweka ukingoni mwa maji. Akasimama, akaita kwa sauti iliyofika mbali, "Avenir! Mwanao kanikataza!"

Ukungu haukusogea. Mama akasubiri, kichwa kakiinamisha upande, kama alivyozoea kukungoja umalize kutafuna ndipo umjibu. Halafu akageuka, akamfuta Tikhon uso kwa ncha ya shali.

"Haya, twendeni," akasema. "Baba yenu amesema turudi nyumbani."

Unakumbukwa na mkeo Kapitolina, wanao Tikhon na Lukerya, mkweo Agnia, na wajukuu zako Demyan na Ustinya.

Hutatutoka moyoni kamwe.