Mpira Umekubali Kwenye Linux

Palma, 12 Januari 2020

Mtani Zacarias, mla panya,

Hujambo wewe, na Alzira hajambo? Mpe pole, maana ameolewa na wewe. Sisi wazima: Mama anakohoa kidogo asubuhi, dada yangu Wahida ananuna, mimi nanenepa kwa mawazo. Barua nimeiandika ndani ya flashi kama kawaida, Atija mchuuzi ataivusha mto Rovuma pamoja na vitenge vyake vya kapulana.

Sasa sikiliza. Tangu uhamie Mtwara ukaniachia sala, ukumbi huu wa michezo ya kompyuta, na mashine ulizozitia Linux yako, virusi sijaviona. Hilo nakupa. Windows za kunakili za Bachir, hapo ng'ambo ya barabara, zinaugua kila wiki. Lakini zinaugua huku zinacheza mpira. Zako ni safi kama maiti iliyooshwa: nafungua mchezo wa mpira, kioo kinakuwa cheusi, basi. Vijana wananiaga kwa adabu, wanavuka barabara.

Na wewe kila barua unaniimbia nihame kabla vita haijafika. Tuwekeane dau. Mpira ukikubali kwenye Linux, usinitajie Mtwara tena. Gesi ikianza kutoka, wafanyakazi wote wa kambi ya gesi ya Afungi watakuja kucheza kwangu. Ukikataa, nauza mashine, namchukua Mama na Wahida, nakuja kukumalizia unga.

Mtani wako,
Nurdine


Mtwara, 3 Februari 2020

Mtani mnuka papa,

Salamu zako zimefika na harufu yake. Hapa tu wazima, Mungu anatuvumilia. Mama apewe maji ya moto na ndimu. Wewe kunywa ya bahari.

Mashine haina kosa. Mchezo ule unajua lugha moja tu, ya Windows, na Linux inausikiliza kama wewe unavyosikiliza Kimakonde. Nimeuwekea mkalimani, programu inayokaa katikati: mchezo unaomba kwa lugha yake, yeye anageuza, Linux inatoa. Yumo humu kwenye flashi pamoja na maelezo. Fuata hatua zote, usijitie fundi.

Alzira amenikuta nahangaika, akaniuliza, "Si ungeuacha umekufa hivyo hivyo? Wangekuja." Nimemwambia siwezi kumpa mtani mashine mbovu, atanicheka mpaka mbele ya wajukuu. Akaniangalia, akaenda zake jikoni.

Chumba cha uani kipo. Hata mpira ukikubali, njooni.

Mtani wako,
Zacarias


Palma, 18 Machi 2020

Mtani wa milimani,

Habari za huko? Mama kikohozi kimemwacha. Anasema kumbe Wamakonde wana jambo moja wanalolijua.

Umekubali. Nyasi zinaonekana, wachezaji wanatoka jasho. Siku ya kwanza ulikwamakwama, nikakutukana, halafu nikagundua nimeruka hatua. Usiseme kitu. Sasa Bachir mwenyewe anavuka barabara kuja kunisalimia, na salamu zake zinachukua mpaka magharibi.

Yupo kijana wa kambini, Luís, fundi wa mabomba. Anasema, "Não dá, tio, haiwezekani, mjomba. Linux haifiki popote kwa michezo." Eti michezo mikubwa ya mtandaoni ikiikuta Linux inaifukuza kama mwizi. Nikamuuliza, "Mtandao upi?" Akatazama simu yake, akaomba zamu ya kucheza. Ya dunia sijui, mtani, lakini hapa Palma Linux imeshinda kwa sababu hatuna kitu.

Nakushukuru, na sirudii. Dau ni dau: jina la Mtwara nisilisikie.

Mtani wako,
Nurdine


Mtwara, 15 Februari 2021

Mtani Nurdine,

Mama anaendeleaje? Wahida je? Wewe unakula? Nijibu moja moja, usifanye mzaha. Mpaka umefungwa, simu yako kila nikiipiga haipatikani. Nimesikia ya Mocímboa, nimesikia ya Awasse, nimesikia na mengine niliyomwomba msemaji anyamaze.

Atija amepata njia, hivyo naandika kwa haraka. Flashi ina toleo jipya la mkalimani, bora kuliko la kwanza. Liweke kwenye mashine zote kwa mara moja, na la zamani ulifute kabisa.

Mji wowote sijautaja.

Mtani wako,
Zacarias


Palma, 19 Machi 2021

Mtani Zacarias, mwongo usiye na kipaji,

Tu wazima, ila uzima wenyewe umekonda. Barabara imefungwa, mchele unakuja kwa ndege, kwa wenye ndege. Umeme ulikufa na kituo cha Awasse, natumia jenereta, mashine mbili, jioni tu. Viti nimevitoa nje kwa sababu salani wanalala watu waliokimbia Mocímboa. Watoto wao wanacheza mpira bila sauti. Goli likiingia wanazibana midomo, maana kelele zikipanda mama zao wanatafuta mlango.

Toleo lako nililiweka kwenye mashine moja. Kioo cheusi. Nikarudia, hatua kwa hatua. Cheusi. Nikafungua faili moja moja. Kukaa na mashine zako kumenifundisha kusoma kidogo. Umelibomoa mwenyewe, mtani. Umeng'oa vipande, ukaandika juu yake "bora". Mtu mwenye kiburi kama wewe, unaivunja Linux yako ili mimi nipate sababu ya kuja. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia.

La zamani nimelirudisha, watoto wacheze. Lakini kwenye dau tuandike kwamba mpira umekataa. Jumatatu Mama na Wahida wanatangulia na Atija kupitia kijiji cha Nhica. Mimi nawatafutia hawa watu wa salani mahali, nafuata Ijumaa baada ya swala.

Mwambie Alzira afagie kile chumba.

Mtani wako,
Nurdine


Nangade, 30 Oktoba 2021

Kaka Zacarias,

Shikamoo. Ni mimi Wahida. Natumai wewe na wifi hamjambo. Mama mwili wake hauna ugonjwa.

Jumatano ile Palma ilipovamiwa sisi tulikuwa Nhica. Atija alivuka na barua yako. Mama aligoma kuvuka bila Nurdine. Watu wakaanza kupita, Mama akawa anawatazama miguu, kwa sababu nyuso zote zilikuwa vumbi. Mwishoni tukaja nao huku Nangade.

Bachir naye yuko hapa. Anasema walikuwa wote, wameshafika kwenye mihogo, Nurdine akarudi kuwafungulia watu wa salani mlango wa nyuma. Wale watu wametoka. Yeye hakuonekana tena, na hakuna aliyemzika.

Hitima tumeisoma wiki iliyopita. Watu wamelia, wamemsifu. Mama hakutoa chozi. Anasema hao wanamsifu mtu mwingine, huu si msiba, hakuna mtani aliyekuja kumtukana marehemu. Njia hakuna, tunajua. Anakuomba uandike.

Mdogo wako,
Wahida


Mtwara, 21 Novemba 2021

Mdogo wangu Wahida,

Marahaba. Alzira anakusalimu, anamsalimu Mama sana.

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa najiambia kwamba maadamu sijamtukana, yuko njiani. Kila nikianza kuandika namwona ananijibu, na majibu yake ni makali kuliko maneno yangu, nafuta.

Basi msomee Mama, kwa sauti, na watu wawepo:

"Nurdine alikuwa mbishi na mvivu. Aliazima shati langu la harusi akalirudisha limepasuka kwapani, akasema nimeumbwa vibaya. Alikula kwangu akasema chumvi haitoshi, akaongeza sahani. Nilimtengenezea mchezo, akakaa. Nikamharibia, akautengeneza. Kukimbia ni kazi ya miguu tu, hata kuku anaiweza, yeye ikamshinda, akarudi kufungua mlango kama bawabu. Huko aliko wasimpe kompyuta, atawachosha wenzake. Na asinisubiri."

Mama akilia, mwache alie. Akisema nimemtukana mwanawe kupita kiasi, niandikie upesi, nijue nimefanya kazi yangu.

Mtani wa marehemu,
Zacarias