Kwa Josephat Malimi, Aliyewatia Kamongo Bwawani

Mwaka umetimia, Baba, tangu tuta la bwawa la majitaka likutoe kwetu, na mvua zimeanza tena. Tunaandika haya roho zikiwa juu, kwa hiyo usitegemee maneno matamu tu. Hasira yetu kwako haijaisha. Mapenzi nayo hayajaisha.

Ulikuwa mtu wa utani. Ulishinda kwenye mabwawa yanayosafisha majitaka ya mji wetu, upande huu wa Kamanga kando ya ziwa, ukarudi jioni, ukaoga, ukajipaka mafuta mengi, kisha ukamuuliza Mama kama bado unanuka. Mama alijibu kwamba unanuka, hata siku ambazo hukunuka. Akina mama waliokuja kuchota maji ziwani uliwatania kwamba leo hayafai, yana supu yako. Walicheka, wakajaza ndoo.

Wema wako ulikuwa wa haraka mno. Konokono walipozidi kwenye bwawa la mwisho, uliogopa watoto wasije wakapata kichocho, ukanunua kamongo hai kwa wavuvi ukawatia humo wawale konokono hao. Mhandisi wa mabwawa, Tereza, alikuwa amekukataza kuweka samaki yeyote, hasa huyo, kwa kuwa kiangazi maji yakipungua kamongo hujichimbia kwenye tope. Ulimwitikia kwa heshima, kisha ukafanya lako.

Maji yalipungua, kamongo wakachimba. Walitoboa tuta linalotenga bwawa hilo na lile la juu, ambamo majitaka hayajasafika. Asubuhi ile, baada ya mvua ya mfululizo, ukakuta tuta linavuja. Ulijua likikatika, uchafu wote utateremka hadi pale watu wanapochota maji ya kunywa. Ukakimbia na buti zako hadi mwaloni, pale ufukweni wanapochotea, ukawaambia wasichote. Wakacheka. Jirani yetu Agutu alikuwa ameshajitwisha ndoo, nyumbani amemwacha mtoto ana homa, akakuambia utani mwingine ungoje jioni.

Hapo ukasema jambo ambalo hata Tereza hukuwa umemwambia.

“Agutu, mwaga hayo maji. Kamongo wametoboa tuta, na kamongo niliwaweka mimi.”

Agutu anasema hakuogopa tuta, aliogopa uso wako. Aliishusha ndoo akaimwaga, na wengine wakamwaga. Ukarudi na wanaume kupanga viroba vya mchanga. Mama alikusihi uwaachie vijana, ukamjibu kwamba mashimo unayajua wewe. Tuta lilimeguka ukiwa umesimama juu yake. Majitaka yalifika ziwani, lakini hayakuingia ndoo ya mtu, na kipindupindu hakikubisha hodi nyumba yoyote. Wewe tulikutoa kwenye tope ukiwa umeshaondoka.

Tuta limejengwa upya kwa mawe. Kamongo hajapikwa kwetu tangu siku hiyo, ingawa wewe ulimpenda kwa ugali wa udaga, ule wa muhogo. Buti zako anazivaa Mama. Zinampwaya, amezijaza vitambaa. Kila asubuhi ya mvua hulitembea tuta lote, na kule mwaloni hakuna anayechota mpaka Mama auinue mkono kuonyesha kwamba tuta ni zima. Hakuna aliyemtuma, na hakuna anayethubutu kumkataza.

Leo asubuhi alikawia. Aliinama pale pale palipokuchukua, akasogea, akarudi, akainama tena. Tulisimama na ndoo tupu, Agutu akiwa mbele na mwanawe mgongoni, mzima wa afya. Hakuna aliyetania. Moyoni kila mmoja wetu alikuwa anakuita.

Kisha Mama akanyoosha mgongo, akauinua mkono. Tukachota, Baba.

Unakumbukwa na mkeo Ng'washi, wanao Modesta na Paulo, mjukuu wako Precious, Agutu na jirani zako wote wa mwaloni. Mhandisi Tereza naye anakukumbuka. Amekusamehe, ila kwa shingo upande.

Kukusahau hatuwezi. Pumzika, Baba. Tuta tunaliangalia sisi.