Sanduku la Sabuni

Makoko, Musoma

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku hatujambo. Babu yako yuko Bukima anavuna mihogo. Goti linamsumbua ila hasemi. Umeniuliza utuletee nini, maana umebakiza wiki moja huko chuoni ng'ambo na unashinda madukani.

Mimi nilipelekwaga Bulgaria muhula mmoja, kusomea mbegu za pamba. Niliondoka Musoma tukiwa tunafulia majani ya mpapai, sabuni hamna. Basi wiki ya mwisho nikazunguka maduka yote nikijaza sabuni sandukuni. Vesela, msichana niliyekaa naye chumba kimoja, alinialika kwao kijijini, mama yake aniage. Nikamwambia, "Dada, kwetu hakuna sabuni, nenda tu." Akaenda peke yake. Nilipanda ndege kabla hajarudi.

Kufika Musoma, nikakuta wafanyabiashara wameruhusiwa kuleta vitu toka nje. Sokoni sabuni zimepangwa kama matofali, za kila rangi. Mama yangu alifungua sanduku, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, "Na huyo Vesela uliyekuwa unatuandikia habari zake, mama yake ni mtu wa namna gani?"

Nikainama nikaendelea kutoa sabuni sandukuni.

Sabuni ziliisha mwaka huohuo. Swali la mama bado ninalo. Kwa hiyo usituletee kitu. Wale wazee unaoishi kwao, kaa nao jikoni, ule chakula chao, halafu uje unisimulie.

Bibi yako,
Nyabise